Tumpeleke babu Hyrax Hill au kwenye kasri la Egerton?

SWALI: Desemba iliyopita tukielekea kwetu Siaya nilipitisha familia kwenye Makavazi ya Kisumu. Dakika arobaini tukawa tumemaliza. Watoto wangu, mmoja wa miaka 8 na mwingine 13, hawakumbuki kitu ila mamba. Agosti hii baba yangu, mzee wa miaka 74 anayesumbuliwa na goti, anakuja kukaa nasi Nakuru wiki tatu. Mke wangu anataka Jumamosi moja twende Hyrax Hill na kasri la Lord Egerton. Mimi naona tutalipa, tutatazama vyungu, turudi. Je, pote pawili panawezekana siku moja? Na mbona makavazi madogo hunichosha hivi? – Baba Akinyi, Section 58, Nakuru

JIBU: Baba Akinyi, nianze na lililo jepesi. Kwa barabara, panawezekana. Hyrax Hill iko kilomita 4 hivi kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Kasri liko upande wa pili kabisa, kama kilomita 14, ukipitia Ngata kwenda Njoro. Mwenye gari anaweza kuwa amemaliza pote saa tisa alasiri na bado akapitia sokoni. Ila nakusihi usifanye hivyo. Chagua mahali pamoja tu. Chaguo langu ni Hyrax Hill, na sababu kubwa ni huyo huyo mzee unayemwonea huruma kwa goti lake.

Hizo dakika arobaini za Kisumu zisikutie aibu. Nimeongoza wageni katika makavazi ya kanda hii kwa miaka mingi, na wengi nimewaona wakitoka hoi kuliko walivyoingia. Wanaingia ndani, wanafuata ukuta kutoka kabati la kwanza hadi la mwisho, wanasoma vibandiko nusunusu, kisha mmoja anauliza choo kiko wapi na safari imekwisha. Ukienda hivyo Nairobi utashiba, maana vyumba ni vingi. Huku kwetu chumba ni kimoja, viwili, vikizidi vitatu. Mali yenyewe iko nje, juani, ardhini. Nyingine iko kinywani mwa mtu uliyekuja naye, na Desemba mtu huyo mlikuwa hamjamfikia. Alikuwa Siaya akiwangoja.

Pale Kisumu, kwenye makavazi yaliyofunguliwa 1980, uani kuna boma zima la Kijaluo linaloitwa Ber-gi-dala. Ninyi mlilipita mkikimbilia mamba. Silaumu, mamba ni mamba. Lakini hebu fikiri mngeingia langoni mzee akiwa mbele. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango. Ya nyachira, mke wa pili, na ya reru, mke wa tatu, zimekaa kando, kila moja na upande wake. Simba, yaani nyumba ya kijana mkubwa, iko karibu na lango. Kibandiko kitakuambia hayo na kunyamaza. Mwulize mzee kwa nini mtu akienda kuanzisha dala, yaani boma, mpya alichukua jogoo na shoka, akafuatana na mwanawe wa kwanza, na mkewe akabeba moto. Kisha mwulize yeye mwenyewe alilala wapi usiku ule. Hapo dakika zako arobaini hazitatosha hata kuondoka langoni.

Kuna bibi mmoja simsahau. Aliletwa na wajukuu kwenye makavazi fulani, akasikiliza kwa adabu maelezo ya chungu kilichoandikwa kuwa cha kuhifadhia maji. Maelezo yalipoisha akainama, akakitazama tako, akauliza taratibu: "Chungu cha maji kilipata wapi masizi?" Kimya. Aliyekuwa akieleza ni mimi. Kibandiko kilibadilishwa, na tangu siku hiyo kila kundi lililokuja na mzee nilianza kwa kumtafutia mzee kiti karibu nami.

Turudi Nakuru. Hyrax Hill maana yake ni kilima cha pimbi, wale wanyama wadogo wa miambani. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipatambua mahali hapo 1926 alipokuwa akichimba kwingine hapa hapa Nakuru. Mkewe, Mary Leakey, ndiye aliyekuja kuchimba kwa bidii 1937 na 1938. Mwaka 1943 pakatangazwa kuwa turathi ya kitaifa inayolindwa na sheria. Jumba la makavazi lilikuwa nyumba ya shamba ya walowezi, likakabidhiwa 1965, na umbo hilo bado linaonekana: unaingia sebuleni mwa mtu, si ukumbini. Mle ndani kaeni dakika kumi na tano, basi. Tazameni vipande vya vyungu, zana za mawe, ramani ya kilima, mkishajua nini kiko wapi mtoke.

Nje ndiko kwenye mambo. Mwombe mwelekezi aanze na mashimo ya Sirikwa. Ni mabonde madogo ya mviringo kwenye mteremko, yameota nyasi, na asiyeambiwa atayapita akidhani ni mahali mchanga ulipochotwa. Hapa ndipo ningekuomba umzuie mwelekezi asiseme kitu kwanza. Waulize watoto: shimo hili lilikuwa la nini? Wa miaka 8 atasema bwawa la kuogelea au mtego wa ndovu. Wa 13 atasema nyumba. Wote wawili wasione haya kwa kukosea, kwa sababu hata wataalamu kwa muda mrefu walifikiri ni nyumba, kwamba watu waliishi ndani ya mashimo. Baadaye uchimbaji wa mwanaakiolojia John Sutton ukageuza fikira hiyo. Ni mazizi. Ng'ombe walilala humo, shimo likiwa limechimbwa mlimani ili ukuta wa juu uwazuie, na mlango ukawa upande wa chini. Nyumba ya watu ilijengwa ubavuni, ikifunguka humo zizini. Samadi ilisombwa na kutupwa chini ya mlango mwaka baada ya mwaka, ikawa kichuguu ambacho mpaka leo unaweza kukipanda.

Sasa mgeukie mzee. Najua utasema hao Wasirikwa, waliofuga huku kati ya karne ya 12 na ya 18 na ambao Wakalenjin na Wamaasai bado wanawataja katika simulizi zao, hawamhusu Mjaluo wa Siaya. Ng'ombe wanamhusu. Mtu aliyelala utotoni akisikia ng'ombe wakipumua atakuambia kwa nini mlango unatazama chini (mvua ikinyesha mkojo na samadi viteremke wapi?), kwa nini mtu alitaka mlango wake ufunguke zizini, na mwizi angepitia wapi. Kuna vitu mtaalamu anavichimba miaka mitatu na mfugaji anavijua kwa pua. Mtoto akisikia babu na mwelekezi wakibishana kuhusu samadi, hasahau.

Tahadhari moja, na naisema kwa uzito. Usimgeuze mzee kibandiko kingine. Usimsimamishe mbele ya kila kitu na kusema "Baba, waeleze watoto." Mpe nafasi aulize yeye. Mwelekezi akizungumza, mzee atatikisa kichwa au atacheka peke yake, na hapo ndipo unapomwuliza umecheka nini. Asipotaka kusema jambo, hasa la makaburi, nyamazeni naye.

Nataja makaburi kwa sababu mtayafikia. Chini ya mabaki ya makazi ya zama za chuma, Mary Leakey alikuta makaburi ya watu wa kale zaidi, wa mwisho wa zama za mawe, na jambo moja lilijitokeza: wanawake walizikwa na vyombo vya mawe, sahani na michi ya kusagia, ilhali wanaume hawakuwekewa kitu. Hilo swali mwachie mama Akinyi. Nimeliuliza kwa makundi mengi na sijapata majibu mawili yanayofanana. Mwanamke mmoja muuza samaki aliniambia ni wazi, mwanamume hata akhera atapikiwa. Mwingine akasema hapana, hiyo ni hati ya umiliki: vyombo vilikuwa vyake, hakuna wa kuvirithi. Binti yako wa miaka 13 ana haki ya kutoa la kwake, na usimsahihishe.

Kisha bao. Kwenye miamba kumechongwa vishimo vya kuchezea, safu kwa safu, vimelainika kwa vidole vya watu ambao majina yao hatutayajua. Mzee atautambua mchezo mara moja: kwao ni ajua. Jirani yako Mgikuyu atauita giuthi. Mwombeni mwelekezi ruhusa kabla ya kugusa, maana mwamba ule ni turathi na si uwanja wa kila mtu, na kokoto zikigongwa hovyo zinaumega. Kwa hiyo mimi hushauri mbebe bao lenu la mbao kutoka nyumbani, au hata trei mbili za mayai na mbegu za maharagwe. Mkishauona mwamba, kaeni chini ya mti karibu na jumba mcheze. Hapo ndipo goti litakuwa limepumzishwa bila mtu kulitaja, na heshima ya mzee imebaki mahali pake. Jiandae kufungwa vibaya.

Wakati mzee anawafunga kina mama, wewe na watoto pandeni kileleni. Si mlima wa kutisha, lakini njia ina mawe yanayobingirika, na goti bovu halifai hapo, hata mwenyewe akisema anaweza. Wazee hawakubali kushindwa mbele ya wajukuu, kwa hiyo panga mapema awe na kazi huku chini. Juu mtakuta mabaki ya ukuta wa mawe uliozunguka kilele, na mbele yenu Ziwa Nakuru lote. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa hilo lilikuwa kubwa na lenye kina zaidi, na maji yalifika chini ya kilima hiki, kikawa kama rasi iliyoingia majini. Mtoto wa zamani angesikia hadithi hiyo na kudhani ni ya kale tu. Wa Nakuru wa leo ameona maji yakipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakameza lango kuu la zamani la mbuga na kuingia katika mashamba na nyumba za watu upande wa Mwariki na Baruti. Waonyeshe watoto kwa kidole ukingo ulipo sasa, kisha waulize ulikuwa wapi walipozaliwa. Wa miaka 13 atakuwa na kitu cha kusimulia shuleni, na hakimo kitabuni.

Hayo yote, ukiyafanya bila haraka, huchukua muda wa saa tatu. Ni asubuhi nzima. Ndiyo maana nasema kasri lisubiri.

Mambo ya mfuko na barabara nitayapitia haraka. Agosti Nakuru hunyesha, na mara nyingi hunyesha baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo mwe mmefika saa tatu asubuhi. Kama hamna gari, matatu za Pipeline, Lanet au Gilgil zitawashusha kwenye barabara kuu, na toka hapo mzee apande boda au mkodi teksi moja kwa moja kutoka nyumbani. Kwa watu watano tofauti si kubwa na goti litakushukuru. Malipo ya makavazi ya taifa siku hizi ni kupitia eCitizen, hivyo simu iwe na chaji na bando. Beba vitambulisho vyenu ili mtozwe kama raia. Bei itazame siku ile ile, hubadilika, lakini kwa raia na watoto haijawahi kuwa kitu cha kumtisha mtu aliyezoea bei ya vibanzi mjini. Viatu vya kufunika vidole kwa kila mtu, kwa sababu ya nyasi. Chakula bebeni. Na mbebe pia kiti kimoja cha plastiki, hata kama utaona haya kukipakia.

Mwelekezi naye. Watu wengi humkwepa wakidhani ni gharama juu ya gharama, au wanamchukua kisha wanamharakisha. Katika makavazi madogo yeye ndiye nusu ya makavazi. Mwambie mapema kabisa: "Tuna mzee, tuna watoto wawili, tuna asubuhi nzima, tafadhali usituhutubie." Atafurahi. Anayorudia kila siku kwa mabasi ya shule yamemchosha hata yeye. Mwulize kile asichoulizwa: ni kitu gani hapa wewe mwenyewe unakipenda? Wageni huuliza nini hadi unacheka? Mkimaliza, mpeni ya chai.

Watoto wape kazi moja tu. Kila mmoja achague kitu kimoja, kimoja pekee, akichore, na jioni amweleze mtu ambaye hakwenda. Niliwahi kuandamana na darasa la shule moja lililopewa karatasi ya maswali thelathini. Tulizunguka sehemu nne siku hiyo. Watoto walinakili vibandiko neno kwa neno hadi wa mwisho, wakaingia basini. Mwalimu akauliza mmeona nini, mmoja akajibu, "Swali la ishirini na saba." Mpango wa siku ile nilikuwa nimeusaidia kuuandika.

Sasa kasri. Sitaki mama Akinyi aone nimempuuza. Ni nyumba ya ajabu na inastahili siku yake, lakini ni siku ya aina nyingine. Maurice Egerton, lodi wa nne wa ukoo huo wa Uingereza, alianza kulijenga 1938, vita vikaingilia, likaisha 1954. Miaka minne baadaye, 1958, alikuwa amefariki, bila mke wala mtoto. Vyumba 52 kwa mtu mmoja. Mwelekezi atawasimulia kisa cha mwanamke aliyeletwa kuona nyumba ya kwanza akaikejeli kuwa banda la kuku, na jinsi bwana huyo alivyojenga jumba la kumtia haya, akakataliwa tena, na kuanzia hapo akawapiga wanawake marufuku kukanyaga kwake. Ni kisa kitamu, kinasimuliwa kwa madoido, na kila msimulizi ana ndege wake wa kumweka kwenye hilo banda. Kisikilizeni kama kisa. Kikiisha, mimi huuliza mambo mawili. Kwanza, mawe haya yote nani aliyabeba, na alilala wapi? Pili, waonyesheni watoto kilichobaki cha bwana huyo ambacho kina faida kuliko jumba: shule ya kilimo aliyoitolea ardhi 1939, iliyoanza kama ya walowezi na leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kinachotunza kasri.

Kwa upande wa goti, ngazi zipo na si chache. Mzee ataona ukumbi mkubwa wa chini, kisha apumzike bustanini wengine wakipanda. Na Jumamosi bustani hiyo ni ya maarusi. Mkifika mchana mtakuta hema, spika, na watu wa picha wanaowaomba mtoke kwenye fremu. Kama mnaweza Jumapili asubuhi baada ya misa ya kwanza, au siku ya kazi wakati wa likizo, afadhali. Jengo hilo ni turathi ya kitaifa tangu 1996 lakini halilipiwi pamoja na makavazi ya serikali, kwa hiyo msidhani risiti ya Hyrax Hill itawaingiza.

Ikiwa watoto watarudi wameshikwa na mawe, kuna Kariandusi, karibu na Gilgil, kando tu ya barabara ile ile ya Nairobi. Leakey na wenzake walipagundua 1928. Mtasimama ukingoni mwa mahandaki na kuona shoka za mkono zimelala zilipoachwa, nyingi zikiwa za obsidiani, kile kioo cheusi kinachotemwa na volkano. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Namba kama hiyo haimwingii mtoto kichwani, wala haimwingii mtu mzima. Kinachomwingia ni kwamba makali yake bado yanaweza kukata kidole. Jirani kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe pepe uliotokana na mwani mdogo sana wa ziwa la kale, na mtu akitoka hapo viatu vyake vinaonekana vimepakwa unga. Mzee anaweza kuja, njia ya huko ni fupi na ina kivuli hapa na pale, ila kuna vidaraja na vipandio. Mwulize kwanza goti limeamkaje.

Na Desemba mkirudi nyumbani? Kisumu pitieni tena, safari hii mzee akiwa garini, na mamba wawe wa mwisho badala ya wa kwanza. Kwenye barabara ya Bondo mna Kit-Mikayi njiani, yale mawe makubwa yaliyopandana, ambayo jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda pale kusali, kwa hiyo mkikuta walio katika maombi pitieni mbali na mpunguze sauti. Mbele zaidi, Bondo, ni Kang'o ka Jaramogi, alikozikwa Jaramogi Oginga Odinga 1994, na tangu Oktoba 2025 mwanawe Raila naye amelala huko. Hapo usiende kama mtalii. Wengi wanaofika bado wanakwenda kutoa pole.

Lakini kama ni mimi ningeweka nguvu Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Kaburi la Tom Mboya, yule waziri, lina umbo la risasi, na mle ndani mmewekwa vitu vyake. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Baba yako alikuwa kijana wa shule. Nimewahi kuwapeleka pale watu wa rika lake, na wote, bila kuulizwa, husema walikuwa wapi habari ilipowafikia: nani alikuwa na redio, nani alitoka mbio shambani, mwalimu alisema nini darasani. Hayo hayajaandikwa kwenye ukuta wowote. Washa simu urekodi, na umwambie kwamba unarekodi.

Thimlich Ohinga, Migori, nakuwekea kando kwa sababu moja tu: umbali. Ni boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikiwa na urefu wa zaidi ya mita 4, na UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za dunia 2018. Ni kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori. Mkienda, lalieni Migori au Homa Bay, msijaribu kwenda na kurudi siku moja na mtu mwenye goti. Kitale nako kuna makavazi yaliyokua kutokana na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Stoneham, mtu wa vipepeo na wadudu, na msitu wake wa mtoni nyuma ya jumba ni mzuri kuliko kabati zote za ndani. Kapenguria, mbele kidogo, ni vyumba vya gereza walimofungiwa Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi ya 1952 na 1953. Vyumba vyenyewe ni vidogo. Mwache mtoto wa miaka 13 aingie peke yake kwanza, kisha ninyi wengine.

Kwa sasa, Jumamosi ya kwanza mzee akiwa amepumzika vya kutosha, Hyrax Hill, saa tatu asubuhi. Mama Akinyi mwambie kasri ni la wiki ya pili, na kwamba hilo la sahani za mawe makaburini nimemwachia yeye. Mzee mpe salamu zangu. Akikuuliza kwa nini mmebeba kiti, mwambie ni cha bao.